Kabureta ya Mbio na Hesabu ya Hewa

Pikipiki ya mbio ya Norton Manx ya sentimita za ujazo 500 ina silinda moja tu, na hewa yote inayoingia humo hupita kwenye koo la inchi moja na nusu, yaani milimita 38. Koo hilo ni la kabureta ya Amal aina ya GP, kazi ya mafundi wa Birmingham, Uingereza. Mwaka 1961 dereva Mike Hailwood aliendesha Norton ya silinda moja katika mbio za Senior TT kwenye Kisiwa cha Man, akamaliza maili 226 za barabara za vijijini na mlimani kwa wastani uliozidi maili 100 kwa saa, akashinda. Siku hizi kazi ya kuamua injini ipewe petroli kiasi gani hufanywa na kompyuta. Enzi zile ilifanywa na jeti chache za shaba (vitundu vya kupitishia petroli), sindano moja na hewa yenyewe.

Je, wajua kwamba injini haifyonzi petroli moja kwa moja? Hewa inayopita mahali pembamba huongeza mwendo, na mwendo ukiongezeka kanieneo lake hushuka. Mwitalia Giovanni Battista Venturi alieleza jambo hilo mwaka 1797. Ndani ya kabureta, kanieneo likishuka kwenye koo, hewa ya kawaida inayokandamiza petroli kwenye bakuli huisukuma ipande kupitia jeti na kutawanyika kama ukungu. Hewa ikienda polepole, msukumo ni dhaifu, na petroli hutoka kwa matone mazito yasiyoungua vizuri.

Hapo ndipo wanaofufua pikipiki za mbio za zamani hukosea mara nyingi. Hamu ya kwanza ya mtu ni kufunga kabureta kubwa. Chukua koo la milimita 30, lipanue hadi 36: eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 44. Kwenye mzunguko wake wa juu kabisa injini itapumua kwa raha. Lakini katika kona, mwendo wa hewa umeshuka, na dereva akivuta mafuta injini inasita kabla ya kushika. Kwenye uwanja wenye kona nyingi, kabureta ndogo kidogo humfikisha dereva mapema kuliko ile kubwa, hata kama mashine ya kupimia nguvu inaipa nguvu za farasi chache kuliko hiyo kubwa. Swali la kuanzia ni hili: dereva anatumia mizunguko ipi ya injini muda mwingi? Ukubwa wa koo uchaguliwe kwa ajili ya mizunguko hiyo.

Na bomba la moshi lina kauli yake pia. Manx ilitumia ekzosi ya megafoni, inayopanuka kuelekea mwisho. Mzunguko ukiwa juu, mawimbi ya kanieneo yanayorudi kutoka kwenye bomba hilo husaidia kuvuta hewa mpya ndani ya silinda. Mzunguko ukishuka, mawimbi hayohayo hufika wakati mbaya na kuirudisha hewa nyuma, ikatokea tena kwenye mdomo wa kabureta. Sasa kabureta haijui hewa inaelekea upande gani. Hewa ikipita juu ya jeti kuingia, inachukua petroli. Ikirudishwa nje, inachukua tena. Ikiingia mara ya pili, inaongezewa. Ukisimama kando ya injini ya namna hii utauona ukungu wa petroli umetanda nje ya mdomo wa kabureta, ukiingia na kutoka. Mchanganyiko wa hewa na petroli unakuwa mzito mno, injini inakohoa na kuvuta kwa shida hadi mzunguko upande, ndipo inaamka ghafla. Kubadili jeti hakuponyi ugonjwa huo, maana jeti itakayopunguza petroli hapo chini itaiacha injini na njaa kule juu, ambako pistoni inaweza kutoboka. Ndiyo sababu kwenye kona ya taratibu kama Governor's Bridge, karibu na mwisho wa njia ya mbio ya Kisiwa cha Man, madereva waliishika klachi nusu ili injini isishuke.

Turudi kwenye kabureta ya GP yenyewe. Sindano yake haikai katikati ya njia ya hewa. Imewekwa kwenye chumba cha pembeni, hivyo slaidi, kipande kinachoinuka kufungua koo, ikiinuliwa yote koo linabaki wazi kabisa. Bakuli la petroli nalo limetengwa na mwili wa kabureta na kushikiliwa kwa mpira. Injini ya silinda moja kubwa hutetemeka sana. Bakuli likitetemeka nayo, petroli inatoa povu, boya linapotoshwa, na kiwango cha petroli kinayumba. Nimevutiwa na mpira huo kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu bila huo vipimo vingine vyote havina maana. Lakini kabureta hii si ya kwenda nayo sokoni. Pikipiki ya BSA Gold Star DBD34, iliyouzwa kwa watu wa kawaida ikiwa na GP ya inchi moja na nusu, ilijulikana kwa kukataa kutulia kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka bila kuvutwa mafuta.

Amal yenyewe ilizaliwa mwaka 1927 kwa kuunganisha Amac, Brown & Barlow na Binks. Waitaliano walikuwa na Dell'Orto, na baadaye Mikuni ya Japani ikatengeneza kabureta za slaidi kwa leseni ya Amal. Mbio nyingi za pikipiki za zamani zina kanuni zinazotaka kabureta ya aina iliyokuwapo enzi za pikipiki husika, kwa hiyo fundi hana uhuru wote. Na awe mwangalifu na namba. Namba ya jeti kuu ya Amal hutaja sentimita za ujazo za petroli zinazopita kwa dakika katika kipimo maalumu. Ya Dell'Orto hutaja upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita: 130 ni milimita 1.30. Anayehamisha namba kutoka kabureta moja kwenda nyingine anacheza na pistoni yake.

Petroli kilo moja huhitaji hewa kilo 14.7 hivi ili iungue yote. Injini ya mbio hupewa petroli zaidi, kilo moja kwa 12.5 au 13 za hewa, kwa sababu hapo ndipo nguvu ilipo na joto la pistoni linapopungua. Ili kulifikia lengo hilo, Amal walielekeza kuanza na jeti kuu, mafuta yakiwa wazi yote. Kisha jeti ndogo ya sailensa, halafu mkato wa mbele wa slaidi, halafu sindano, na mwisho kurudia sailensa. Jeti kuu hujaribiwa kwa kuendesha mafuta yote, kukata moto na kushika klachi kwa wakati mmoja, kuiacha pikipiki iserereke, kisha kufungua plagi na kuangalia rangi ya kauri yake ndani kabisa, karibu na mzizi. Petroli ya sasa isiyo na risasi huacha rangi hafifu, hivyo wengi hufunga kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi siku ya majaribio.

Mahali nako kuna neno lake. Kwenye Kisiwa cha Man barabara hupanda kutoka karibu na usawa wa bahari mjini Ramsey hadi zaidi ya mita 400 mlimani. Hewa huko juu ni nyepesi kwa asilimia 4 hivi, lakini kabureta hupunguza petroli kwa asilimia 2 tu, kwa hiyo mchanganyiko unazidi uzito. Mwendesha bodaboda anayehamisha pikipiki ya kabureta kutoka Mombasa kwenda Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hukutana na jambo hilohilo kwa ukubwa zaidi: moshi mweusi, plagi nyeusi na injini nzito. Kwenye mbio za Kisiwa cha Man, jeti huchaguliwa kwa ajili ya Sulby, barabara ndefu ya chini iliyonyooka ambako mafuta huwa wazi yote na hewa ni nzito. Mlimani dereva anavumilia mchanganyiko uliozidi kidogo, maana petroli ikizidi inapunguza nguvu, na ikipungua kwa mwendo ule inayeyusha pistoni.