Manjano na Saratani ya Mifupa

Katika Visiwa vyetu, goti la mtoto likivimba huchuliwa kwa manjano kabla ya kufikiriwa hospitali. Hatuyadharau mazoea hayo. Maabara zimeonyesha kwamba kurkumini, iyapayo manjano rangi yake, huzuia NF-kB, protini inayoziamrisha chembe za mwili kuanzisha uvimbe, na ambayo saratani nayo huitumia ili isife. Chembe za saratani ya mfupa, hata zile sugu za gegedu, zilizotiwa kurkumini katika vyombo zilikufa.

Lakini chombo si mwili. Kurkumini ikiliwa, ni chembechembe tu zifikazo kwenye damu. Ya kuchua ndiyo usiseme. Na osteosakoma, ambayo huwaandama zaidi vijana wanaokua, hasa karibu na goti, haingoji: hukimbilia mapafuni. Kabla ya miaka ya 1970, mguu ulipokatwa bila dawa nyingine, wengi walikufa. Dawa kali zilipoongezwa, zaidi ya nusu ya wanaowahi kabla haijaenea hupona.

Wazazi, goti lisilopungua uvimbe na linalouma usiku lipigwe picha ya eksirei. Nanyi wakuu wa afya, mtoto wa kijiji cha mbali akiambiwa avuke kwenda Ocean Road, nauli yake atailipa nani?