Maniema: hesabu za watoto wa Kasongo zilizosomwa mara mbili

Katika miaka ya 1970, huko Kasongo, watafiti walifuata watoto wa miezi 7 hadi 35: nani alipata chanjo ya surua, nani hakupata, nani alikufa. Mwaka 1981 walitangaza matokeo katika jarida la The Lancet. Yalitia mashaka: chanjo iliokoa watoto, lakini faida ilionekana kupungua baadaye, kana kwamba aliyeponea surua aliuawa na ugonjwa mwingine.

Hesabu zilibaki. Mwaka 1995 Peter Aaby na wenzake walizisoma tena, pamoja na za Burundi, Senegal, Haiti na inchi nyingine. Wakaona picha tofauti: vifo vilipungua kuliko surua peke yake ingeweza kueleza.

Wanafizikia nao walipitia hapo. Jaribio la JADE, kule Hamburg, lilifungwa mwaka 1986. Miaka zaidi ya kumi baadaye data zake zilitumika kupima nguvu inayoshikilia kiini cha atomi. Kanda hazikutosha: programu za zamani zilifufuliwa, na hesabu fulani zikanakiliwa upya kutoka karatasi.

Kabambare, karatasi ndiyo kanda yenyewe, na maadui wake ni mvua, mchwa na watu kukimbia vita. Surua ya 2018 hadi 2020 iliua watu zaidi ya 7,000 inchini. Kupiga picha kila ukurasa wa rejista ya chanjo kwa simu, na kuhifadhi nakala Kindu pia, si kazi kubwa. Lakini iandikwe vilevile kila safu inamaanisha nini. Muuguzi aliyeichora hatakuwepo siku zote.