El Alto: Ndege Yashuka, Abiria Wapanda

Je, wajua kwamba ndege inapoanza kushuka kuelekea La Paz, Bolivia, abiria wake, ukipima kwa hewa wanayoivuta, ndiyo kwanza wanapanda?

Ndege ya abiria ikiwa mita 11,000 angani, mitambo yake husukuma hewa ndani ili mgandamizo usipungue kuliko ule wa mahali penye mwinuko wa mita 2,400 hivi. Lakini uwanja wa kimataifa wa El Alto, unaohudumia La Paz, uko mita 4,061 juu ya usawa wa bahari. Hakuna uwanja mwingine wa kimataifa ulio juu kama huo. Milango ya ndege haifunguki mgandamizo wa ndani ukizidi wa nje, hivyo kabla ya kutua hewa ya ndani hutolewa polepole mpaka ilingane na ya uwanjani. Kwingineko, chupa ya plastiki uliyoinywa nusu ukaifunga angani hubonyea ndege ikishuka. Ukitua El Alto, chupa hiyo hutuna.

Jambo hili huwasumbua pia mafundi. Katika ndege ya kawaida, king'ora humlilia rubani mara hewa ya ndani inapokuwa nyembamba kama ya mita 3,000, na barakoa za oksijeni hudondoka juu ya vichwa vya abiria ikikaribia ile ya mita 4,300. El Alto imekaa katikati ya viwango hivyo viwili. Ndiyo maana ndege zinazokwenda huko hufanyiwa marekebisho maalumu, na marubani mara nyingi huvaa barakoa zao wakati wa kutua.

Kwa nini wakajenga huko juu? Kikatiba mji mkuu wa Bolivia ni Sucre, ila serikali inakaa La Paz, na La Paz imejibana bondeni, kwenye mwinuko wa mita 3,600 hivi, kati ya miteremko mikali. Eneo tambarare la kutosha lilipatikana ukingoni juu yake, kwenye uwanda wa Altiplano. Mji wa El Alto ukakua kuuzunguka uwanja. Msafiri akishatua, bado ana safari ya kuteremka mpaka mjini.

Kinachonivutia zaidi ni njia ya kurukia. Hewa ya hapo ina uzito ulio chini kidogo ya theluthi mbili ya ule wa hewa ya pwani, na bawa haliwezi kubeba ndege bila hewa ya kutosha kupita juu na chini yake. Fidia yake ni mwendo. Ndege ambayo ingetua pwani kwa kilomita 260 kwa saa, hapa hugusa ardhi ikiwa na kama 325. La ajabu ni kwamba kipimo cha kasi mbele ya rubani husoma namba ileile aliyoizoea, kwa sababu chenyewe hupima msukumo wa hewa, wala hakijui ardhi inapita kwa kasi gani. Breki ndizo hulipa gharama: mwendo ukizidi kwa robo, kazi yao huongezeka kwa zaidi ya nusu. Ndiyo sababu njia hiyo ina urefu wa mita 4,000.

Kuruka ni kugumu zaidi, maana injini nazo huishi kwa hewa hiyohiyo, na nguvu zake hupungua. Ndege hulazimika kupunguza mafuta, mizigo au abiria. Asubuhi na mapema hali huwa afadhali, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito. Hata hivyo, anayetoka La Paz kwenda Madrid kwa kawaida huteremka kwanza kwa ndege hadi Santa Cruz de la Sierra, uwanja wa Viru Viru, ulio chini ya mita 400, ndipo ndege kubwa iliyojaa mafuta imchukue.

Milima nayo haina msamaha. Tarehe 1 Januari 1985, Boeing 727 ya shirika la Eastern iliyokuwa ikitoka Asunción kuja kutua hapa iligonga mlima Illimani, wenye urefu wa mita 6,438. Watu wote 29 walikufa.

Watengenezaji wa ndege huja hapa kuzijaribu kazi zao. Mwanzoni mwa 2014, kabla A350 haijaanza kubeba abiria, Airbus waliipeleka Cochabamba kisha La Paz, waone injini zake zitawaka na kunyanyua ndege vipi katika hewa haba kiasi hicho.