Ng'ombe wa Shamba la Babu: Maziwa, Samli na Haki za Wenyewe

  

Wanafunzi wetu wengi wanakaa Mjini, lakini ukiwauliza kwao khasa ni wapi utatajiwa Donge, Bambi, Bumbwini au Makunduchi. Huko bado ipo nyumba ya babu, kisima, minazi na ng'ombe mmoja au wawili. Likizo ikifika watoto hupelekwa, wakanywa maziwa, wakala wali wa samli, wakarudi. Ni vyema wakajua vitu hivyo vinapatikana vipi na sheria yetu inasemaje juu yake, kwani shamba lile siku moja litakuwa mikononi mwao.

Zamani kufuga Unguja hakukuwa jambo jepesi. Mbung'o waliokuwa wakiishi misituni, khasa upande wa Jozani, waliwaambukiza ng'ombe maradhi ya nagana. Mnyama alikonda, maziwa yakakatika, mwisho akafa. Kuanzia mwaka 1994 wataalamu walimwaga kwa ndege mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi, na jike aliyepandwa na dume wa namna hiyo hazai. Mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa kimesalimika. Kupe hata hivyo wapo mpaka leo, na ndigana kali wanayoileta inaua, kwa hivyo dawa ya kupe haiachwi.

Tuje kwenye maziwa. Qur-ani Tukufu, katika Suratun-Nahl aya ya 66, inatutaka tuzingatie maziwa safi yanayotoka baina ya kinyesi na damu. Anayekama huosha kiwele kwanza, akamwachia ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, ndipo akaanza. Vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii vinasema ndama aachiwe maziwa ya kumtosha, na mkamaji akate kucha zake asije akamuumiza mnyama. Mnaona fiqhi ilivyoingia mpaka zizini! Kuna wanaomkama ng'ombe mpaka tone la mwisho kwa sababu mteja wa Mjini anasubiri, ndama akabaki mbavu nje. Hiyo ni dhulma, hata kama ng'ombe ni wako. Na ng'ombe aliyechomwa sindano, maziwa yake hayauzwi mpaka zipite siku alizotaja bwana mifugo.

Samli hutengenezwa hivi. Maziwa huachwa yakaganda, yakatiwa kibuyuni na kusukwasukwa mpaka siagi ikajitenga. Siagi huoshwa kwa maji baridi, kisha ikawekwa juu ya moto mdogo. Itatoa povu na kulialia. Hapo maji yanatoka. Ikinyamaza na mashapo yakawa rangi ya kahawia, ipuliwe upesi na kuchujwa kwa kitambaa safi. Bibi zetu hawakutumia saa, walisikiliza sufuria. Samli hiyo ndiyo ya biriani na halua, na chupa ya dukani haiifikii kwa harufu.

Sasa, panya akitumbukia akafa ndani yake? Mtume (S.A.W.) aliulizwa jambo hili hili, akaelekeza panya atolewe pamoja na samli iliyomzunguka, na iliyobaki iliwe. Wanazuoni wetu wamefafanua kwamba hayo ni kwa samli iliyoganda. Ikiwa ni ya maji, yote imenajisika na haiwezi kutoharishwa. Hapa Unguja samli ya kipupwe huganda, lakini joto la kaskazi huiyeyusha, kwa hivyo panya mmoja wa mwezi wa Januari anaweza kuitia hasara familia nzima. Chungu kifunikwe.

Jambo zito zaidi ni lile linalotokea mzee akifariki. Ndugu hukusanyika, watu ni wengi, na mtu akasema, "Achinjwe yule ng'ombe wa marehemu kwa ajili ya hitima." Jamani, tangu roho ilipotoka yule ng'ombe ni mali ya warithi. Akiwamo yatima asiyebaleghe, fungu lake haliwezi kuchinjwa kwa heshima ya wageni, wala mama yake au ami yake hana ruhusa ya kulisamehe. Anayetaka kulisha watu atoe mfukoni mwake. Na hata mwenye mali akiwa hai, Mtume (S.A.W.) alipokaribishwa na Answari mmoja aliyeshika kisu ili amchinjie, alimkanya asichinje mnyama wa maziwa.

Ng'ombe hakatwi vipande akiwa hai, basi hukadiriwa thamani. Tuseme, baada ya madeni na wasia, marehemu ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, na wazazi wake walishatangulia. Ng'ombe amekadiriwa shilingi 1,600,000. Mke anapata thumuni, yaani 200,000. Mtoto wa kiume anapata 700,000, na kila binti 350,000. Mmoja wao akimtaka ng'ombe abaki shamba awalipe wenzake, au wakubaliane wawe naye kwa ushirika, na fungu la yatima lisimamiwe kwa maslahi yake.

Kabla ya kugawana, maziwa yanayouzwa ni ya warithi wote kwa mafungu hayo hayo, na ndama akizaliwa ni hivyo hivyo. Aliyebaki shamba akikata majani na kununua pumba kwa fedha zake, aandike kila shilingi kwenye daftari tangu siku ya kwanza, na ya maziwa aliyouza nayo aiandike.