Maji ya kilindini yanapandaka namna gani?



Wengi wetu hapa Butembo hatujaona bahari hata siku moja. Lakini ndakala tunazijua, na hadisi ya ndakala inaanzia chini kabisa ya maji.

Mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo ni mwanzo wa chakula cha samaki, inaota juu kwenye jua. Ikikufa inashuka kilindini. Basi mbolea inabaki chini katika giza, na jua linabaki juu. Nani atavikutanisha? Upepo. Asubuhi, puliza uji wa moto katika kikombe: utando unakimbia upande wa pili, na uji wa chini unatokea karibu na mdomo wako. (Pole pole, jirani asiungue.)

Ndivyo inavyokuwa katika Tanganyika, ziwa la kina cha meta 1,470. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo wa kusini-mashariki unasukuma maji ya juu kwenda kaskazini. Kule Mpulungu, katika Zambia, maji baridi ya chini yanapanda kujaza nafasi, yamebeba mbolea ile. Kwenye bahari ya Somalia upepo wa kusi unafanya kazi hiyo hiyo. Tena bahari iko na njia ingine ndefu: karibu na Greenland na Antaktika maji ya baridi na chumvi yanazama, yanatembea chini miaka mamia, ndipo pepo kali za kusini ziyapandishe.

Shida ni hii: maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto kuliko zamani. Maji ya moto ni mepesi, yanaelea kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo unashindwa kuyachanganya. Wataalamu waliyaandika hayo mwaka 2003. Kwa hiyo wavuvi wa Uvira na Kalemie wakilalamika hawasemi uongo, ijapokuwa nyavu nazo zimekuwa nyingi mno.

Na ziwa letu Kivu, meta 485? Chini maji ni ya chumvi, mazito, yamejaa gesi, upepo hauyafikii. Afadhali yabaki pale. Katika Kameruni maji ya ziwa Nyos yalipanda ghafula usiku wa tarehe 21/8/1986, gesi ikaua watu karibu 1,700. Rwanda inavuta gesi ya Kivu kwa bomba, inafanya umeme. Bomba likishaanzishwa, maji yanapanda yenyewe, kama Fanta iliyotikiswa.