Fahamu: Fasihi mpya ya Oman ilivyopitia Zanzibar

Mwaka 2019 Jokha Alharthi wa Oman alikuwa mwandishi wa kwanza wa lugha ya Kiarabu kutwaa Tuzo ya Kimataifa ya Man Booker. Fasihi mpya ya Oman ilianzia wapi?

Sehemu ya jibu iko Zanzibar, iliyotawaliwa na masultani wenye asili ya Oman. Sultani Barghash alileta mtambo wa kuchapia vitabu karne ya 19. Mwaka 1911 mshairi Abu Muslim al-Bahlani, aliyekuwa kadhi huko, akaanzisha gazeti la Al-Najah.

Oman yenyewe ilikuwa na shule za kisasa tatu tu hadi 1970. Elimu ilipopanuka, mshairi Saif al-Rahbi aliandika mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, na jarida la fasihi la Nizwa likaanza 1994. Riwaya iliyompa Alharthi tuzo hiyo iligusa kidonda cha utumwa kupitia Zarifa, mtumwa anayemlea mtoto wa bwana wake.