Minakari: kioo kilichoyeyushwa juu ya shaba

Sahani ya minakari kutoka Isfahan, Iran, wengi huidhania kauri. Kumbe ni shaba nyekundu. Kinachong'aa juu yake ni unga wa kioo ulioyeyushwa tanurini ukashikamana na madini. Ni jamaa wa mbali wa zile sahani nyeupe za bati zenye ukingo wa buluu, ambazo zikidondoka hubanduka na kuacha doa jeusi.

Kazi huanza kwa mfua shaba. Chombo kikishaundwa husafishwa kisibaki na mafuta wala kutu, kisha hupakwa enameli nyeupe, yaani ule unga wa kioo, mara kadhaa, na kila tabaka huchomwa katika joto la nyuzi 700 na ushei za Selsiasi. Hata mgongo wa sahani hupakwa, ingawa hakuna atakayeutazama. Shaba na kioo havitanuki sawasawa. Bamba lililopakwa upande mmoja tu likipoa hupinda na kioo hupasuka.

Juu ya weupe huo ndipo mchoraji hupitisha brashi nyembamba: maua, ndege, mashina yanayojisokota. Rangi zake ni oksidi za madini. Kobalti hutoa buluu, shaba hutoa kijani na feruzi. Zikirudi tanurini, dakika chache zatosha. Zikizidi, rangi huungua, na kazi ya siku nyingi imekwenda.

Zamani minakari ilikuwa ya wakubwa. Fath-Ali Shah, aliyetawala Iran kuanzia 1797 hadi 1834, aliwapa wageni wake zawadi za dhahabu iliyonakshiwa hivyo. Sahani moja aliyoipelekea Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki mwaka 1819 ipo hadi leo katika makumbusho ya Victoria and Albert, London. Dhahabu haifanyi kutu motoni, basi rangi hukaa safi.

Katika karne ya 20 fundi Shokrollah Sanizadeh wa Isfahan aliihuisha sanaa hii na kufundisha wanafunzi. Wapo wanaoililia dhahabu, lakini shaba ndiyo iliyoifikisha minakari sokoni: leo hata vyombo vya meza ya Nowruz, mwaka mpya wa Kiirani, hutengenezwa hivyo.

Mnunuzi ajihadhari na michoro iliyochapwa. Alinganishe maua mawili ya sahani moja: yakifanana hadi ncha ya kila jani, hapo hapakupita brashi.